Rumba, zilipendwa, taarab au inanga: upi wa kupumzikia jioni ya Kigoma?

Jua la Kigoma huzama upande wa Kongo, nyuma ya milima ya ng'ambo ya ziwa, na saa hiyohiyo ndipo spika za mtaa zinapoamka. Huku singeli, kule kaswida, kibanda cha chipsi kinapiga chochote alicholeta kijana kwenye flashi. Anayetaka kutuliza kichwa baada ya kutwa ya kazi hakosi muziki. Anachokosa ni kujua upi utampumzisha na upi utamwacha na uchovu uleule, masikio yakivuma.

Asiye na muda achukue jibu fupi. Kama unakaa barazani na watu, weka zilipendwa, yaani dansi la zamani la Tanzania. Kama unapika au unapiga pasi peke yako, rumba ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kama unasoma au unasahihisha madaftari ya wanafunzi, bashraf (taarab ya ala tupu) na udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Kama unataka usingizi, inanga (ala ya nyuzi ya Burundi na Rwanda) kwa sauti ndogo, au ziwa lenyewe. Majibu haya yana masharti, na mengi ya masharti hayo yako kwenye wimbo mmojammoja na kwenye chombo unachopigia kuliko kwenye jina la aina ya muziki.

Pima wimbo kabla ya kuuamini

Kipimo cha kwanza ni mwendo. Tazama saa, sikiliza sekunde 15, hesabu kila mahali mguu wako unapotaka kugonga sakafu, kisha zidisha kwa 4. Ukipata kati ya 60 na 80, huo ni mwendo wa moyo uliotulia, na unafaa kwa kujinyoosha kitandani. Kati ya 80 na 110 ni mwendo wa kupumzika ukiwa macho: kuongea, kupika, kupanga nguo. Ukivuka 120 umeingia kwenye kucheza. Singeli hupita 200, kwa hiyo tuiache ilipo. Kosa la kawaida ni kuhesabu kila mlio wa tumba au sahani za dramu. Hapo utapata mara mbili ya mwendo halisi na kuutupa wimbo mzuri bure. Fuata mguu.

Cha pili ni mkia wa wimbo, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Nyimbo nyingi za ukanda wetu huanza polepole na kumalizikia kwenye kuchangamsha. Ukisikiliza dakika mbili za mwanzo tu, utauweka kwenye orodha ya kulalia wimbo ambao dakika ya sita utakuamsha. Ruka moja kwa moja hadi dakika mbili za mwisho, sikiliza hizo kwanza.

Cha tatu ni maneno. Ukielewa kila neno, akili inafuata kisa: nani kamwacha nani, shemeji kasema nini. Ukisikiliza lugha usiyoijua, sauti ya mwimbaji inakuwa ala kama ala nyingine. Ndiyo maana rumba ileile inamlaza mtu wa Sikonge na kumkesha mtu wa Kigoma aliyekua akisikia Kilingala bandarini. Kila mtu ajipime mwenyewe hapa, hakuna orodha ya mtu mwingine itakayokufaa moja kwa moja.

Cha nne hakimo kwenye wimbo wowote: kimya. Mwaka 2006 watafiti wa Italia na Uingereza walichapisha kwenye jarida la Heart matokeo ya kuwapigia watu vipande vya muziki wa mwendo tofauti. Muziki wa kasi uliharakisha pumzi na mapigo ya moyo, kama ungetegemea. Lililowashangaza ni kwamba kituo cha dakika mbili cha ukimya katikati ya vipande kiliwatuliza wasikilizaji kuliko muziki wenyewe. Kwa hiyo orodha iliyobanana, wimbo ukikanyaga mkia wa mwenzake, inajinyima dawa iliyo bora. Tutarudi kwenye namna ya kukiingiza kimya hicho kwenye flashi.

Rumba ya Kongo: jina moja, mizigo mitatu

Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Heshima stahiki, lakini jina hilo linabeba muziki wa zaidi ya miaka 70, na kwa anayetafuta utulivu mizigo iliyomo haifanani hata kidogo.

Mzigo wa kwanza ni wa mwisho wa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa 1960: Wendo Kolosoy, Grand Kallé na African Jazz yake, OK Jazz ya Franco ilipoanza mwaka 1956. Nyimbo hizi zilipigwa kwa sahani za santuri ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika tatu. Hapakuwa na nafasi ya kuchemsha mwishoni. Wimbo unaanza, sauti mbili zinapishana, gitaa la Dokta Nico linapita katikati kama mtu anayesalimia wageni mlangoni, basi, umekwisha. Mwendo ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Kwa kupumzika, huu ndio mzigo wa kuchukua ukiwa umefumba macho. Dosari yake ni kwamba nyimbo ni fupi, kwa hiyo nusu saa inahitaji nyimbo kama 10, na nakala nyingi zina mkwaruzo wa sindano ya santuri. Wengine mkwaruzo huo unawapa raha kama moto wa kuni, wengine unawakera. Hapo hakuna mwamuzi.

Mzigo wa pili ni wa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1980, enzi ya TPOK Jazz (ileile OK Jazz ya Franco) na Afrisa ya Tabu Ley. Hapa wimbo ni mrefu; "Mario" ya Franco ya mwaka 1985 inakaribia robo saa. Umbo lake ni nusu mbili: nusu ya kuimba, tulivu na ya kubembeleza, kisha sebene, ambamo magitaa yanazunguka sentensi moja fupi huku dramu ikikaza. Nusu ya kwanza ni asali ya Tabora. Ya pili ni ya kuinuka na kucheza. Watu wengi wanaodai rumba haiwatulizi wameumwa na sebene wakiwa nusu usingizini.

Dawa ni kukata. Fungua wimbo kwenye programu ya kuhariri sauti, ya simu au ya kompyuta (Audacity ni ya bure), tafuta mahali ambapo kuimba kunageuka kuwa kupiga kelele za kuwaita wachezaji na sahani za dramu zinaanza kulia mfululizo, rudi nyuma sekunde 10, kisha fifisha sauti taratibu hadi sifuri katika sekunde hizo. Usikate ghafla: mkato mkavu unashtua kuliko sebene lenyewe. Hifadhi kwa jina jingine, ili siku ya sherehe wimbo mzima uwepo.

Mzigo wa tatu ni wa Paris, kuanzia miaka ya 1980. Kanda Bongo Man na wenzake waliipunguza ile sehemu ya polepole na kuingia kwenye gitaa la kuchezesha mapema. Muziki mtamu, ila si wa kupumzikia, na hakuna pa kukata kwa sababu wote ni sebene.

Angalizo moja la sokoni: faili za saa nzima zinazoitwa miksi, zilizoungwa na ma-DJ, karibu zote huchukua sebene tu na kuliunganisha na sebene jingine, na katikati DJ anataja jina lake. Hata kama kava limeandikwa rumba ya kutuliza moyo, usilipie MB.

Zilipendwa: jirani wa rumba, tabia nyingine

Muziki wa dansi wa Tanzania ulinyonya rumba na muziki wa Kuba, halafu ukapita njia yake, na mikoa ya Kigoma na Tabora haikuwa watazamaji. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, kisha Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata. Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz, alikoanzia Shem Karenga kabla ya kuhamia Tabora na kuwa sauti ya Segere Matata. Kwa msikilizaji wa huku, kuna starehe ya ziada kusikia gitaa lililokomaa kwenye kituo cha treni anachokijua.

Ukiweka zilipendwa na rumba bega kwa bega, tofauti ya kwanza ni ya sauti yenyewe. Rekodi nyingi za bendi za Tanzania za miaka ya 1960 hadi 1980 zilifanyika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga pamoja, maikrofoni chache, njia moja ya sauti. Besi haikupewa nafasi kubwa, wala milio mikali ya juu. Kinachobaki ni katikati: sauti za watu, gitaa, tarumbeta na saksafoni. Kwa bahati njema, hicho ndicho spika ndogo ya simu inachokiweza. Rumba ya Kongo iliyorekodiwa vizuri, ukiipiga kwenye simu, inapoteza gitaa la besi lote na kubaki na magitaa ya juu yanayochoma. Zilipendwa kwenye simu hiyohiyo haipotezi kitu.

Tofauti ya pili ni maneno. Dansi la Kiswahili linasema na wewe: linaonya, linalaumu, linaomboleza, linasimulia barua iliyochelewa. Marijani Rajabu alikuwa msimulizi. Ukimsikiliza peke yako usiku utamfuata hadi mwisho wa kisa na usingizi utakuwa umekwenda. Ila hilohilo linageuka faida barazani. Wimbo unatoa neno, watu wanalidaka, maongezi yanapata pa kushika. Kwa hiyo kwa kukaa na watu, zilipendwa inaishinda rumba. Kwa kuwa peke yako, inashindwa, isipokuwa nyimbo zinazotegemea magitaa zaidi ya kisa. Hapo Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz wana mengi, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ina nyimbo za mwendo wa bolero laini kabisa.

Nazo zina mkia. Bendi za Sikinde, Msondo, Maquis, wote hawa wana sehemu ya pili ambapo tarumbeta zinaingia kwa pamoja. Lakini kupanda kwake mara nyingi si kukali kama sebene la Kinshasa. Mtu aliyekaa anaweza kulivumilia bila kukata kitu, aliyelala hawezi.

Tatizo kubwa la zilipendwa ni nakala. Nyingi zilinaswa redioni kwa kaseti, kaseti ikanakiliwa kwa kaseti, mwisho ikageuzwa MP3 ndogo. Sikiliza mambo mawili. Kama kuna mvumo wa hewa unaosikika kuliko gitaa, punguza treble (milio ya juu) badala ya kupandisha sauti. Kama sauti za waimbaji zinasikika nyembamba kama za watoto, kaseti ilikuwa inakimbia. Irudishe kwa kupunguza kasi asilimia 3 hadi 5 kwenye Audacity. Wimbo unashuka, unatanuka, na mara nyingine unageuka kuwa wimbo mwingine kabisa. Kwa kupumzika marekebisho haya ni ya lazima, kwani wimbo unaokimbia unakimbiza na pumzi.

Taarab: iliyo na udi, si iliyo na kinanda

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, kwa hiyo taarab huku si mgeni. Lakini leo neno hilo lina maana mbili zinazopingana kwa jambo letu. Taarab ya kisasa, ya rusha roho, imejengwa juu ya kinanda cha umeme, besi nzito na mipasho. Kazi yake ni kuinua watu vitini, na inaiweza. Taarab asilia, ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, ina udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla, nai (filimbi), akordioni, dumbaki (ngoma) na rika (tari). Mwendo wake ni wa kati au wa chini, na wimbo wa dakika 10 unaweza kubaki palepale ulipoanzia bila kuchemka. Kwa kipimo cha mkia, inazishinda rumba na zilipendwa zote mbili.

Maneno yake yana mafumbo, na anayependa ushairi atayafukuza. Kwake yeye dawa ni bashraf, kile kipande cha ala tupu kinachofungulia onyesho. Hakina neno, hakina mkia, na kimejengwa kwa duru zinazorudi kwenye sentensi ileile, kwa hiyo sikio linajua linapokwenda. Pamoja na bashraf, tafuta udi wa peke yake. Marehemu Zein l'Abdin wa Mombasa aliacha rekodi ambazo udi unasikika ukipumua. Kwa kusoma au kufanya kazi ya mezani, hakuna kinachowashinda hawa wawili.

Kinachoharibu taarab ni fidla. Fidla nne au tano kwenye spika ya bei ndogo zinatoa mlio wa kukata bati. Shusha treble hadi robo, au sogeza spika ikupe mgongo.

Inanga na ndugu zake

Hii wengi wa Kigoma wanaijua kwa jina na hawajaipa nafasi kwenye simu zao. Inanga ni kipande cha mti kilichochongwa kama hori refu, uzi mmoja ukapitishwa mara nyingi kutoka ncha hadi ncha ili kutoa nyuzi kadhaa. Burundi, hapo tu kupita Manyovu, kuna namna ya kuiimbia kwa kunong'ona. Sababu ni ya kiufundi kabisa: ala yenyewe ina sauti ya chini na ndogo, na mwimbaji akipaza sauti ataifunika. Mnong'ono na uzi vinachanganyika mpaka unadhani ala ndiyo inayosema. Rwanda nako kuna wapigaji hodari. Sophie Nzayisenga ni mmoja wa wanaopatikana kwa urahisi mtandaoni.

Kwa kulalia, inanga iko mbele ya zote. Haina dramu, haina kupanda, inarudiarudia bila kuchosha. Anayesema Kiha atashika maneno mawili matatu ya Kirundi, lakini mnong'ono hauyaachi yawe kisa.

Hata hivyo inadai chombo. Nyuzi zake za chini haziko kwenye uwezo wa spika ya simu. Utasikia kucha tu zikigonga uzi. Inahitaji redio yenye spika ya kiasi au spika za masikioni. Na kwa kuwa rekodi zake ni za sauti ndogo, ukizichanganya na rumba kwenye orodha moja, utapandisha sauti kwa ajili ya inanga halafu rumba ikupasue kichwa. Ipe folda yake.

Ndugu yake wa mbali ni ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyoitembeza duniani Hukwe Zawose. Ina mwendo wa kutuliza, ila kuna mvumo kama wa nyuki uliowekwa makusudi kwa utando mwembamba juu ya matundu ya kisanduku. Mtu wa Tabora aliyezoea mizinga labda ataupenda. Mwenye maumivu ya kichwa auache.

Vilivyobaki, kwa haraka

Kwaya zinatuliza roho kwa wanaoamini, na huo ni upande ambao mwendo wa wimbo hauupimi. Kama unazitaka pia zitulize mwili, chagua za sauti tupu au zenye gitaa moja. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Tabora, inapendwa mno, ila nyimbo zake nyingi ni za kusimama. Kaswida za dufu moja na sauti moja zinafaa. Za kinanda zina tatizo la taarab ya kisasa. Bongo fleva ya polepole ina mwendo sahihi mara nyingi, lakini imesukumwa studio ili kila sekunde isikike kwa nguvu ileile, bila kushuka kokote, na besi yake inapiga hata ukiwa umepunguza. Nusu saa inatosha.

Na kuna ziwa. Mawimbi madogo ya usiku ufukweni hayana mtunzi wala mkia. Anayelala mbali na maji anaweza kuyarekodi kwa simu: funika tundu la maikrofoni kwa kitambaa chepesi kilichokunjwa mara mbili, upe upepo mgongo, weka simu juu ya jiwe kavu mita tatu hivi kutoka maji yanapofika, acha irekodi dakika 30 au zaidi. Kipande cha dakika mbili kinachojirudia hakifai, kwa sababu sikio linashika mahali pa kuungia na kuanza kupasubiri. Tabora, ambako hakuna ziwa, mvua ya bati inafanya kazi ileile kuanzia Novemba, na ikinyesha hasa usijaribu kushindana nayo kwa muziki. Zima.

Chombo kinaweza kuharibu chaguo zuri

Sabufa ndiyo inayoongoza kwa kuharibu. Watu huisukuma kwenye kona ya chumba ili isichukue nafasi, na kona huongeza besi. Ukuta wa matofali unairudisha, bati linatetemeka, glasi kabatini zinaitikia. Itoe kwenye kona angalau nusu mita, iweke juu ya mkeka uliokunjwa, shusha kitufe cha besi hadi theluthi. Jirani naye atapumzika, kwa kuwa besi ndiyo inayopita ukutani.

Flashi ina mitego yake. Sabufa na redio nyingi za bei ya kawaida husoma FAT32 tu. Kadi za zaidi ya GB 32 huja na muundo wa exFAT, kwa hiyo chombo kinakaa kimya na unadhani flashi imekufa. Faili za m4a au opus zilizopakuliwa kwa simu nazo huenda zisisomwe. Zigeuze ziwe MP3. Na vingi vya vyombo hivi havipangi nyimbo kwa jina bali kwa jinsi zilivyonakiliwa. Ukiweka nyimbo 20 kwa mkupuo, huenda inanga ikafuatwa na tarumbeta. Anza na flashi tupu, zipe nyimbo namba 01, 02, 03, kisha nakili mojamoja kwa mfuatano huo.

Kimya cha dakika mbili unakitengeneza Audacity kwa amri ya kuzalisha ukimya. Kihifadhi kama MP3, kiweke baada ya kila nyimbo tatu au nne. Kwa ajili ya kulala, tengeneza na kimya cha saa 6, kwa kilobiti 32 kwa sekunde; kitachukua kama MB 86 tu. Kiweke mwisho wa folda. Sabufa nyingi zikimaliza folda huanza upya zenyewe, na bila kimya hicho utaamshwa saa nane usiku na wimbo namba 01. Kwenye simu huhitaji hila hii: VLC ina kipima muda cha kuzima, kiweke dakika 30.

Kama nyimbo zinatofautiana sauti, MP3Gain ya kompyuta inazisawazisha. Kiwango chake cha kawaida ni desibeli 89, kiache hapo.

Upande wa bando, hesabu ni rahisi. MP3 ya kilobiti 128 hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo saa nzima haifiki MB 60. Video ya wimbo uleule inakula mara kadhaa zaidi, picha ambayo huitazami, na tangazo linaingia katikati likipiga kelele kuliko wimbo. Pakua mara moja kwa njia halali, sikiliza bila mtandao. Redio haili bando, ila mtangazaji haulizi kama umelala.

Spika za masikioni zinafaa kwa inanga na udi, ila zina mipaka. Shirika la Afya Duniani linataja saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80. Kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 tu. Huna kipimo? Mwombe mtu aliye umbali wa mkono aseme kwa sauti ya kawaida. Usipomsikia, punguza. Na usilale nazo za waya shingoni.

Nani achukue nini

Mwalimu wa Kasulu mwenye madaftari 60: bashraf mbili, udi, kimya, tena bashraf, kwa spika ndogo iliyo mgongoni mwake. Mama anayebembeleza mtoto: inanga, au sauti yake mwenyewe, ambayo mtoto ataipenda kuliko hizi zote. Abiria wa treni ya usiku kati ya Tabora na Kigoma: magurudumu yanafunika milio ya chini, kwa hiyo inanga itapotea, achukue zilipendwa zilizorekebishwa kasi, sikio moja tu, lingine libaki na mizigo. Mzee anayepokea wageni barazani Ujiji: zilipendwa mwanzo hadi mwisho, na kijana wa karibu wa kuruka wimbo wenye habari za msiba kama kuna mfiwa kikaoni.

Mvuvi wa dagaa ana tatizo la peke yake. Siku za giza anakesha majini na kulala mchana, wakati mtaa unapiga kelele. Muziki mtulivu hautoshi kufunika sabufa ya jirani, na akiupandisha hautakuwa mtulivu tena. Kwake yeye rekodi ndefu ya mawimbi ndiyo yenye faida kuliko wimbo wowote, maana mvumo wake umeenea kote na unafunika makelele bila kuhitaji nguvu. Dakika 10 za rumba ya Wendo kwanza akiwa anaoga na kula, kisha mawimbi kwa saa zote za usingizi, simu ikiwa imezimwa mlio na kuwekwa juu ya kabati, mbali na mto. Siku za mbalamwezi, akilala usiku kama watu wengine, arudi kwenye inanga.